Mvinyo mwekundu ukikataa mdomoni: anza na glasi kabla ya kuilaumu chupa

Malalamiko yanayonifikia kuhusu mvinyo mwekundu hapa Dodoma huja yakiwa tayari ni hukumu: umechacha, ni feki, ni wa kienyeji, haunyweki. Chanzo kinakuwa hakijatafutwa. Mtu ameonja funda moja, amekunja uso, chupa imesogezwa pembeni na jina la kiwanda limeshaharibika. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi chupa hiyohiyo ingepozwa kidogo, au ingemiminwa kwenye glasi nyingine, watu wangeimaliza na kuuliza inauzwa wapi. Mara nyingine chupa ni mbovu kweli, ila mnywaji hajui aseme nini dukani. Anajibiwa kwamba mvinyo ndivyo ulivyo, anarudi nyumbani kimya na hasara yake.

Hapa tunaanza na dalili, yaani kile ulichokiona, ulichokinusa au ulichokisikia ulimini, halafu tunarudi nyuma hadi kwenye chanzo. Vyanzo vilivyo karibu na mkono wako huchunguzwa kwanza: glasi, joto, chakula. Kisha safari ya chupa na duka lilikokaa. Kiwanda na shamba huja mwisho, kwa sababu huko huwezi kurekebisha chochote ukiwa mezani.

Chupa ninazozizungumzia ni za bei ya kati, tuseme shilingi 15,000 hadi 40,000. Nyingi za kwetu zinatokana na zabibu nyekundu za Makutupora, aina iliyobeba jina la mahali palipo na kituo cha utafiti wa zabibu kaskazini mwa jiji, na zipo pia za Syrah na Cabernet Sauvignon. Rafuni zinakaa bega kwa bega na za Afrika Kusini. Kwa bei hiyo umelipia mvinyo safi, wenye uwiano, wenye harufu ya tunda linaloeleweka. Hujalipia maajabu, lakini usafi umeulipia na una haki ya kuudai.

Kabla ya kutafuta kasoro

Mimina theluthi ya glasi, si zaidi. Iinamishe juu ya karatasi nyeupe uone rangi katikati na pembeni. Nusa kabla ya kuzungusha, kisha zungusha na unuse tena. Harufu nyingi mbaya hujitokeza kwenye mnuso wa kwanza, na nyingine huondoka baada ya kuzungusha, kwa hiyo tofauti kati ya mnuso wa kwanza na wa pili ni taarifa muhimu. Chukua funda dogo, lisambaze mdomo mzima, hata kwenye fizi, kisha meza au tema. Atakayeendesha gari ateme.

Funda la kwanza usilihukumu. Mdomo uliotoka kwenye chai ya tangawizi, dawa ya meno au pilipili hausemi ukweli. Suuza kwa maji, onja tena, na funda la pili ndilo ulitolee maelezo. Ukiwa na mafua, acha kabisa siku hiyo: sehemu kubwa ya tunachokiita ladha hupatikana kwa pua. Vivyo hivyo ukiwa umekaa upande unakopulizia moshi wa jiko la mishkaki. Hama kiti.

"Una harufu ya ajabu, kama sabuni au kabati"

Chukua glasi ya pili, isuuze kwa maji ya kunywa ya chupa, ikung'ute, mimina mvinyo uleule. Harufu ikitoweka, kosa lilikuwa la glasi. Jambo hili ni la kawaida mjini kwetu kuliko watu wanavyodhani. Maji yetu mengi yanatoka kwenye visima vya bonde la Makutupora na Mzakwe, yana chumvichumvi na ugumu, na yakikaukia kwenye glasi huacha utando mweupe unaoshika harufu. Ongeza sabuni ya unga isiyosuuzwa vizuri, kitambaa kilichofuta meza ya samaki, na kabati la mbao lililopakwa vanishi juzi ambamo glasi zimefunikwa kifudifudi.

Osha kwa maji ya moto, suuza mara mbili, mara ya mwisho kwa maji yasiyo na chumvi kama unayo, na ning'iniza zikauke zenyewe. Kwenye baa usione aibu kumwomba mhudumu glasi nyingine. "Dada, naomba nibadilishie glasi, hii ina harufu ya sabuni" ni ombi la kawaida, na mhudumu mzuri atalipokea.

"Unachoma, unanuka spiriti"

Hii ndiyo dalili namba moja katika mji huu, na chanzo chake cha kwanza ni joto. Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu katika joto la chumba umetoka Ulaya, kwenye nyumba za mawe zenye vyumba baridi, wakati joto la chumba lilikuwa nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Sebule ya mtaa wa Area C hapa Dodoma mwezi wa Novemba saa kumi jioni ina nyuzi 29 au 30. Katika joto hilo kilevi hupaa kabla ya harufu ya tunda, pua inakutana na spiriti, koo linawaka, na mvinyo wa asilimia 13 unaonekana kama gongo. Utamu nao hujitokeza kupita kiasi, na mvinyo unakuwa mzito usio na umbo.

Ipeleke chupa kwenye friji kwa muda wa saa moja hivi ikiwa ilikuwa na joto la chumba la hapa. Kama una haraka, itumbukize hadi shingoni kwenye ndoo ya maji yenye barafu kwa dakika kumi na kidogo. Maji ya barafu hupoza haraka kuliko barafu tupu kwa sababu yanaigusa chupa pande zote. Umeme ukikatika, zungushia chupa kitambaa cha pamba kilicholowa, iweke kivulini penye upepo, na kiloweshe tena kila kinapokauka. Hewa kavu ya Dodoma na upepo wake vinafanya kazi ileile vinayoifanya kwenye mtungi wa udongo: maji yanapokauka huondoka na joto. Haitafika nyuzi 16, lakini utapata tofauti utakayoisikia mdomoni.

Kama mvinyo uko kwenye nyuzi 17 na bado unachoma, tazama lebo. Asilimia 14.5 au 15 ni nyingi, na kama tunda lake ni jepesi halitaweza kuibeba. Chanzo kiko shambani: zabibu zilizokaa sana juani hukusanya sukari nyingi, na kila gramu 17 hivi za sukari katika lita ya mchuzi wa zabibu hutoa asilimia moja ya kilevi. Mchuzi wenye gramu 250 kwa lita utakupeleka karibu asilimia 15 usipoachwa na sukari. Hapo hakuna dawa zaidi ya kuupoza kidogo zaidi na kuunywa na nyama.

Kinyume chake pia hutokea. Chupa iliyolala friji usiku kucha inatoka na nyuzi 5, haina harufu, na ukakasi wake umekaza kama mlango uliofungwa na kutu. Watu husema "hauna kitu." Ishike glasi kwa viganja viwili, subiri dakika kumi na tano.

"Ni mkali"

Mtu akiniambia mvinyo ni mkali, namuuliza mdomo wake umefanya nini. Kuna mambo manne tofauti ndani ya malalamiko hayo, na kila moja lina chanzo chake na dawa yake. Usijiongoze kwa sehemu ya ulimi. Ile ramani inayosema utamu uko mbele na uchungu nyuma si ya kweli, ulimi wote huonja kila kitu. Jiongoze kwa kile mwili unachofanya.

Mdomo ukikauka, fizi zikashikana na meno, ulimi ukawa kama umepitishwa juu ya ganda la bibo au ndizi mbichi, huo ni ukakasi, na unatoka kwenye tanini za maganda, mbegu na vikonyo vya zabibu, pamoja na mbao za pipa kama mvinyo ulikaa kwenye mwaloni. Tanini hushikamana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi, ndipo mdomo unapokauka. Kwa mvinyo mwekundu mchanga hilo si kasoro hata kidogo, ni uti wa mgongo wake. Swali la kujiuliza ni kama ukakasi huo ni laini na unasambaa taratibu, au unakwaruza na kuacha vumbi. Ukikwaruza, jaribu kwanza kuumimina kwenye jagi pana na kuuacha nusu saa. Kisha unywe pamoja na mbuzi wa kuchoma mwenye mafuta na chumvi ya kutosha. Tanini zitakimbilia protini za nyama badala ya mate yako, na mvinyo uleule utaonekana umelainika. Hili nimelionyesha mezani kwa watu waliokuwa tayari kuimwaga chupa, na sijawahi kuchoka kuona nyuso zao zikibadilika.

Mate yakijaa pande zote mbili za mdomo, taya zikavutika kama umeuma embe bichi, hiyo ni asidi, huo ni ugwadu. Kiasi fulani lazima kiwepo, la sivyo mvinyo unalala mdomoni. Kiasi kikubwa kwenye mvinyo wa Dodoma mara nyingi husimulia mavuno ya haraka. Huku kwetu mzabibu haulali usingizi wa baridi kama Ulaya. Unapunguzwa matawi na kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya mwanzo wa mwaka huangukia kwenye mvua: maji yanaongezeka kwenye tunda, ukungu unashambulia majani na vichala, na mkulima anavuna kabla sukari haijapanda kwa kuhofia kupoteza shamba zima. Mavuno ya kiangazi, kuelekea Agosti na Septemba, hupata jua kavu na usiku wa ubaridi wa uwanda huu wa zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mimi kwa mvinyo mwekundu nayachagua hayo kila nikiweza. Ni masikitiko kwamba lebo nyingi haziandiki hata mwaka, sembuse msimu. Muulize mwenye kiwanda. Kadiri tunavyouliza ndivyo watakavyoona inafaa kuandika.

Koo likipata joto baada ya kumeza, hiyo ni habari ya kilevi tuliyokwisha kuimaliza. Rudi kwenye ndoo ya barafu.

La nne ni uchungu wenyewe, ule wa mlonge au wa dawa, unaokuja baada ya kumeza na kugoma kuondoka. Mbegu zilizosagika kwenye mashine ya kukamua, au maganda yaliyoachwa muda mrefu mno kwenye mchuzi, huutoa. Kidogo kinavumilika na hata kinapendeza kwenye chakula. Ukitawala kila funda, hakuna jagi wala nyama itakayouondoa. Ni kasoro ya utengenezaji, iandike hivyo kwenye kumbukumbu zako.

Harufu zinazomaanisha jambo limeharibika kweli

Siki, au ile dawa ya kutolea rangi ya kucha. Chanzo ni bakteria wanaogeuza kilevi kuwa asidi ya siki mbele ya hewa, na ethili asetati inayozaliwa pamoja nayo ndiyo hutoa harufu ya rangi ya kucha. Kila mvinyo una kiasi kidogo; kanuni za Umoja wa Ulaya zinaweka ukomo wa gramu 1.2 za asidi hiyo kwa lita moja ya mvinyo mwekundu. Ikiwa chupa ilifunguliwa leo na harufu hiyo inakukabili kutoka mbali, haitaondoka kwa kuzungusha wala kwa jagi.

Nasimama hapa kidogo kwa sababu chanzo chake cha ndani kinahusu maisha ya watu. Zabibu iliyokatwa haiwezi kusubiri. Mkulima wa Mpunguzi au Chinangali akivuna asubuhi na mnunuzi asitokee, vichala vinakaa kwenye kreti chini ya jua, vinapasuka, nyuki na inzi wanafika, na bakteria wanaanza kazi kabla mchuzi haujafika kwenye tangi. Ndiyo maana wakulima wamelilia mitambo ya kukamulia iliyo karibu na mashamba, wauze mchuzi badala ya tunda linaloharibika mikononi. Siki unayoinusa kwenye glasi inaweza kuwa imeanzia kwenye siku mbili za kusubiri lori.

Yai bovu. Hii inawatisha watu kuliko inavyostahili. Hamira ikikosa nitrojeni ya kutosha wakati wa kuchachusha hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, na mvinyo uliofungwa bila hewa, hasa kwa kifuniko cha kuzungusha, huihifadhi. Mimina kutoka jagi moja kwenda jingine mara kadhaa kwa kishindo, subiri robo saa. Mara nyingi inaondoka na tunda linatokea lililokuwa limejificha. Ikiwa imegeuka kuwa vitunguu vilivyooza au mpira uliochomwa, imechelewa, haitoki.

Karatasi ya boksi iliyolowa, gunia lililokaa na ukungu, chumba kilichofungwa masika nzima: huyo ni TCA, kemikali inayotokana na ukungu kukutana na misombo ya klorini kwenye kizibo cha gome. Nanogramu chache kwa lita zinatosha pua kuitambua. Haina madhara kwa afya, lakini haitibiki, na kadiri glasi inavyokaa wazi ndivyo inavyozidi kudhihirika. Hiyo ndiyo njia nzuri ya kuitofautisha na harufu ya yai: moja hupungua kwa hewa, nyingine hukua. Ikiwa kidogo sana huinusi kama ukungu; unaona tu mvinyo umefifia, tunda halipo, funda limekatika ghafla. Chupa za namna hii ndizo zinazolaumiwa bure kwa uhafifu, na njia ya kujua ni kufungua nyingine ya aina hiyohiyo. Chupa zenye kifuniko cha kuzungusha haziko salama kabisa, kwani hata mbao za ghala zinaweza kuleta TCA, ila huwa ni nadra.

Zizi la ng'ombe, jasho la farasi, plasta ya kidonda. Hamira pori iitwayo Brettanomyces, inayopenda mapipa ya zamani na vifaa visivyosafishwa vizuri. Wapo wanaoipenda ikiwa kwa mbali, wanasema inaongeza kina. Mimi nikiipata kwenye mvinyo wa bei hii huwa natilia shaka usafi wa ghala lote.

Jamu iliyoungua, zabibu kavu zilizochemshwa, tufaha lililokatwa na kuachwa. Hapa usimwendee mtengenezaji kwanza. Angalia rangi: ikiwa pembeni imekuwa ya tofali au kahawia na chupa si ya miaka mingi, hewa au joto vimeingia. Kagua kizibo. Kikiwa kimesukumwa juu hadi kimeinua foili, au kuna mstari wa kunata umeshuka shingoni, chupa ilipikwa njiani au dukani. Kimiminika kilitanuka, kikasukuma, kikapoa na kuvuta hewa ndani. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi hapa ni kilomita 450 hivi za barabara, na lori likiegeshwa mchana kutwa Morogoro, kontena linakuwa tanuri. Kisha kuna duka lenye paa la bati na rafu inayotazama magharibi. Nikiingia dukani nanunua chupa ya rafu ya chini, upande wa ndani, na naipapasa kwanza. Ikiwa ya moto mkononi, naiacha.

Nyumbani hali ni ileile. Chupa ya zawadi ya harusi inayowekwa juu ya kabati la vyombo, karibu na dari, ikisubiri maadhimisho ya miaka kumi, itakuwa imekufa zamani. Mvinyo mwekundu wa bei ya kati umetengenezwa unywewe ndani ya miaka miwili au mitatu. Uweke chini sakafuni, chumba cha giza, ukiwa umelazwa kama kizibo ni cha gome, na unyweni mapema.

Unachokiona kwa macho

Mashapo meusi chini ya chupa, au chembe zinazong'aa kama chumvi kwenye kizibo: havina shida. Ni rangi na tanini zilizotua, na fuwele za asidi ya tunda. Simamisha chupa saa chache, mimina taratibu, acha kidole kimoja cha mwisho.

Mapovu yanayochoma ulimi kwenye mvinyo usiopaswa kuwa nayo ni jambo jingine. Tikisa glasi, na yakiisha baada ya dakika ilikuwa gesi kidogo iliyobaki tangu kiwandani. Yakiendelea, hasa kwenye mvinyo mtamu, na ukaona ukungu kwenye kimiminika na kunusa hamira, sukari iliyobaki imeanza kuchachuka tena ndani ya chupa. Usiifunge na kuirudisha kabatini, shinikizo linaweza kuipasua. Hii huwapata zaidi watengenezaji wadogo wanaofungasha mvinyo mtamu bila kuuchuja vizuri.

Kuhusu utamu wenyewe: mara kwa mara mtu hudhani mvinyo umeongezwa sukari kwa hila, kumbe hakusoma lebo. Mvinyo mwekundu mtamu unapendwa sana Tanzania na viwanda vyetu vinautengeneza kwa makusudi. Lebo ikisema "Sweet" au "Natural Sweet", utakuwa mtamu. Ikisema "Dry", yaani mkavu, sukari yake kwa kawaida haizidi gramu 4 kwa lita. Kosa ni pale lebo inaposema hili na chupa ikafanya lile.

"Ulikuwa mzuri, leo umebadilika"

Uliufungua lini? Ukiwa na kizibo chake ndani ya friji, mwekundu hudumu siku mbili hadi nne. Juu ya meza katika joto letu, kesho yake jioni tayari unaelekea kwenye siki. Ukibakiza nusu, mimina kwenye chupa ndogo safi hadi juu kabisa, kusiwe na nafasi ya hewa, kisha friji. Wa boksi lenye mfuko wa bomba ndani hudumu wiki kadhaa baada ya kufunguliwa kwa sababu mfuko unajikunja bila kuingiza hewa.

"Ni mzuri peke yake, mezani unaharibika"

Pilipili kichaa huzidisha moto wa kilevi na uchungu. Punguza pilipili au chagua mwekundu mwepesi uliopoa zaidi. Keki ya harusi huufanya mvinyo mkavu uwe mwembamba na wenye ugwadu, ndiyo maana kugonganisha glasi za mvinyo mkavu baada ya kulishana keki huacha nyuso zimekunjamana. Samaki wa Mtera wa kukaanga wakikuachia ladha ya chuma mdomoni, chuma kidogo kilichomo kwenye mvinyo kimekutana na mafuta ya samaki. Chupa haina kosa. Wape samaki mvinyo mweupe wa Chenin Blanc, nao unalimwa hapahapa.

Ukiamua kuirudisha

Umebadilisha glasi, umeipoza, umeipa hewa, umeonja bila chakula, na bado ni karatasi iliyolowa au siki. Rudisha kizibo, usiimwage, usinywe ukabakiza robo. Chupa iliyonywewa ni vigumu kuitetea. Piga picha ya lebo, ya kizibo na ya namba ya toleo iliyogongwa kwenye kioo au nyuma ya lebo. Nenda siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi, na risiti.

Dukani taja dalili, usitaje hukumu. "Shikamoo mama. Nilinunua chupa hii jana, ina harufu ya boksi lililolowa, naomba unuse mwenyewe" humpa muuzaji nafasi ya kukubaliana nawe bila kujisikia ametuhumiwa kuuza kitu feki. Mwombe afungue nyingine yenye namba ileile ya toleo, uahidi kuilipia ikiwa salama. Ikiwa safi, tatizo lilikuwa la kizibo cha chupa yako, na anapaswa kukubadilishia. Ikiwa na kasoro ileile ya siki au zizi, tatizo ni la tangi zima, na namba hiyo ya toleo ipelekwe kwa mtengenezaji. Ikiwa zote mbili zina jamu iliyoungua na vizibo vimepanda, muulize mama kreti hiyo ilikaa upande gani wa duka.